Karani, Mfungwa na Mwana wa Ukerewe: Ukweli wa Mwandishi Hutoka Wapi?

Mwishoni mwa muhula uliopita alikuja ofisini kwangu mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mtumishi wa halmashauri aliye masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake. Alikuwa na rasimu mbili za hadithi fupi moja. Ya kwanza aliiandika Novemba, ya pili Januari. Alitaka nimweleze kwa nini ile ya pili, ambayo lugha yake ilikuwa imenyooka zaidi na tamathali zake zimekaa mahali pake, ilikuwa haimgusi hata yeye mwenyewe aliyeiandika.

Nilizisoma zote mbili mbele yake. Rasimu ya kwanza ilimhusu karani wa kijiji anayeletewa orodha ya watu wanaostahili kulipwa fidia ya mashamba. Karani huyo anamjua kila mwenye shamba kijijini, na katika orodha ile anakuta majina kumi na moja ya watu asiowajua. Anagonga mhuri. Usiku hapati usingizi. Rasimu ya pili ilikuwa na karani yule yule na kijiji kile kile, pamoja na machweo ya jua yaliyoelezwa kwa aya mbili za kupendeza. Orodha haikuwamo. Mhuri haukuwamo. Usiku karani hapati usingizi, lakini msomaji haambiwi ni kwa nini.

"Orodha imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi nina ajira," akajibu. "Na nina watoto wawili."

Sikucheka, na nakuomba nawe unayesoma usicheke. Jibu lake lilikuwa la haki kabisa. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu sikutaka kumjibu kwa maneno ya ushujaa ambayo hayanigharimu kitu mimi niliyekaa nyuma ya meza. Makala haya ni sehemu ya jibu nililomtafutia, na nimelitafuta katika historia ya waandishi wetu, kwa kuwa swali lake si jipya. Limeulizwa na karani mwingine, na mfungwa, na mwalimu wa chuo, kila mmoja kwa wakati wake.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Siku hizi tunapenda kuwahimiza vijana waandike kwa "uhalisi". Neno hilo lina sura nyingi, na baadhi ya sura zake ni za hatari. Majirani zetu wa Kongo wanalikumbuka vizuri. Mwaka 1971 Mobutu aliipa nchi jina la Zaire. Mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, na yeye mwenyewe akajiita Mobutu Sese Seko. Suti na tai zikapigwa vita, likaja vazi jipya la abacost. Yote hayo yalitangazwa kwa jina la uhalisi. Lakini uhalisi ule ulitoka juu kwa amri, ukavaliwa kama sare, na chini ya sare hiyo mtu hakuwa huru kusema alichokiona. Hivyo basi, mtu anaweza kuwa na jina la Kiafrika, vazi la Kiafrika na methali za Kiafrika kinywani, na bado asiseme neno lolote la kweli.

Katika fasihi ya Kiswahili sura hiyo ya udanganyifu imejitokeza kama ubishi juu ya umbo. Kaluta Amri Abedi alipochapisha mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, alituachia kipimo chenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi wa vina na mizani. Baadaye kipimo kile kikatumiwa na wengine kama kizuizi cha barabarani: asiye na vina hapiti, si mshairi, na wala kazi yake si ya Kiswahili. Upande wa pili nao ukajibu kwa ukali ule ule kwamba vina ni minyororo ya wazee. Nimefundisha ubishi huo miaka mingi. Naamini sasa kwamba pande zote mbili ziliutafuta ukweli wa mwandishi mahali ambapo haupatikani. Watu watatu wananisaidia kulieleza hilo.

Wa kwanza ni karani. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na baada ya hapo akahamia idara nyingine za serikali hiyo hiyo. Wanafunzi wangu hushangaa wanapoambiwa kwamba mtu tunayemwita gwiji wa lugha alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujaza madaftari ya watu wengine, akipokea mshahara wa mtumishi Mwafrika chini ya wakubwa Wazungu. Yeye naye alikuwa na ajira. Yeye naye alikuwa na watoto, na katika maisha yake alifiwa na mke zaidi ya mara moja.

Mwaka 1951 karani huyu alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha sheria, yaani kuwafunza watu jinsi ya kujitetea. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika pande zote, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa yatakayoifaa nchi. Kila mjumbe alirudi na jambo jema, na kila mmoja alilipwa kifungo.

Tusome kitabu hicho tukikumbuka mwaka wake. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. TANU haikuwa imezaliwa, ilikuja 1954. Mtumishi wa serikali anaandika kitabu kizima juu ya serikali inayowafunga wanaoiletea hekima, na kitabu kinachapishwa na kampuni ya Kiingereza, kisha kinasomwa shuleni. Mwandishi wake, ambaye wakoloni walimtunuku nishani ya MBE, anaendelea kwenda kazini asubuhi.

Wapo wanaosema kwamba hiyo ilikuwa hila ya mwoga. Mimi sikubaliani nao. Shaaban Robert aliibadilisha nchi jina, akaiinua angani, akawapa watu wake majina ya sifa na ila, lakini hakuiondoa mahakama, wala hakuliondoa gereza. Kile kilichokuwa kinauma alikiacha kitabuni. Fumbo lake ni nguo iliyofunika mwili ulio hai. Msomaji wa mwaka 1951 aliyekuwa ameona baraza la mkoloni likimnyamazisha mzee wake hakuhitaji ramani ya kumwonyesha Kusadikika iko wapi.

Wa pili ni mfungwa. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa masheikh na washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Mwishoni mwa 1968, akiwa na umri wa miaka 22 na akiunga mkono chama cha upinzani cha KPU, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Swali hilo fupi, lililoulizwa miaka mitano tu baada ya uhuru, lilitosha kumpeleka mahakamani kwa uchochezi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali haikuridhika, ikakata rufaa, na kifungo kikawa miaka mitatu.

Huko gerezani, akiwa ametengwa na wafungwa wengine, alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alitoka Machi 1972. Mwaka 1973 mashairi yale yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wakati huo mshairi mwenyewe alikuwa amekwisha hamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Ninalotaka tulitazame hapa ni umbo. Mtu huyu, mwanamapinduzi kijana, aliyewekwa peke yake ndani ya kuta nne, hakuvunja kaida hata moja ya ushairi wa wazee wake. Vina vimetimia. Mizani imetimia. Lugha ni Kimvita cha nyumbani kwao, chenye maneno ambayo mwanafunzi wa bara hulazimika kumuuliza mtu wa Mombasa. Amefumba kama walivyofumba wahenga: mamba, jipu, mnazi unaogombewa na ndugu wawili. Mfungwa ambaye hana kitabu wala meza huhitaji shairi linaloweza kukaa kichwani hadi karatasi ipatikane, na vina na mizani ni chombo cha kuhifadhia kumbukumbu kabla ya kuwa pambo. Kwake yeye, kile ambacho wengine walikiita minyororo ya wazee kilikuwa kamba ya kushikilia akili isipotee. Zaidi ya hapo, kwa kuandika kwa lahaja ya mama yake na kwa kaida za mji wake, alikuwa anasema kwamba dola inaweza kumtenga na watu lakini haiwezi kumtoa katika jamaa ya watu anaosema nao.

Wa tatu ni mwana wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, kisiwani katika Ziwa Nyanza, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kwa kipimo cha wale wanaolinda lango la Kiswahili, alikuwa mgeni. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971. Ilimfuata msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akafika shuleni na ulimwenguni bila kujua lolote juu ya mwili wake wala juu ya wanaume, akaangamia. Kitabu kilizuiwa kutumika shuleni kwa muda, kwa hoja kwamba kingewaharibu vijana. Lakini aibu iliyoelezwa humo ilikuwa ikitokea katika shule zile zile zilizokikataa.

Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani ya mashairi mengi yasiyo na vina wala mizani. Kelele zilizofuata zinajulikana. Wengine waliona kwamba kijana wa chuo kikuu, aliyesoma washairi wa Ulaya, ameingiza ugeni ndani ya nyumba. Hoja yake yeye ilikuwa kwamba ushairi uikaribie lugha watu wanayoitumia kila siku. Hata jina la kitabu linasema: kichomi ni yale maumivu ya kifuani yanayomkata mtu pumzi. Mtu anayeugua kichomi hasemi kwa mizani kumi na sita. Anasema kwa vipande, kadiri pumzi inavyomruhusu.

Miaka mitano baadaye, katika Gamba la Nyoka, Kezilahabi aligeukia vijiji vya ujamaa. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, katika nchi ya chama kimoja, na aliandika juu ya wanakijiji walioburutwa kuingia katika neema na juu ya vijana wasomi waliohubiri wasiyoyaishi. Hakuandika kama adui wa ujamaa. Aliandika kama mtu aliyetoka kijijini na aliyekumbuka wanakijiji wana sauti gani wanapokataa.

Nawaweka watu hawa watatu pamoja kwa makusudi. Karani alitumia ngano na fumbo. Mfungwa alishika kaida za kale kwa ukamilifu. Mwana wa Ukerewe alizivunja. Mmoja alikuwa mtu wa pwani aliyeandika Kiswahili sanifu, mwingine mtu wa pwani aliyeshikilia lahaja yake, na mwingine hakuzaliwa na Kiswahili kabisa. Kama uhalisi ungekuwa umbo, angalau mmoja wao angekuwa mwongo. Kama ungekuwa ukoo, Kezilahabi asingekuwa na nafasi. Hata hivyo, sote tunaowasoma tunajua kwamba hawasemi uongo.

Wanachoshiriki, kwa maoni yangu, ni hiki: kila mmoja aliandika jambo ambalo angefaidika kulinyamazia. Shaaban Robert angeweza kuandika adili zisizo na mahakama. Abdilatif angeweza kutunga mashairi ya mapenzi na maulidi, na mji wake ungempenda vivyo hivyo. Kezilahabi angeweza kuandika riwaya ya kijiji chenye furaha, na ingenunuliwa kwa ajili ya shule zote. Pale ambapo ukimya ungewalipa, hapo ndipo walipoandika, na hapo ndipo maana ya kazi zao ilipoanzia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila mwandishi aliyekubaliana na serikali alikuwa mnafiki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi waliitwa walieneze kwa sanaa yao, na Mathias Mnyampala akaipa nchi ngonjera, majibizano ambayo watoto wa shule waliyakariri kila pembe. Wengi wao waliamini walichokitunga. Walikuwa wameona ukoloni kwa macho yao, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuja baadaye, pale ambapo umbo lilibaki na imani ikaondoka, na mtunzi akaendelea kupanga vina kwa sababu mgeni rasmi anakuja.

Hilo nalijua kwa sababu nimelifanya. Nilipokuwa mhadhiri kijana niliombwa kutunga shairi la kumkaribisha mgeni rasmi atakayefungua bweni jipya. Nilitunga beti kumi na mbili. Vina vya kati na vya mwisho vilitimia vyote. Ubeti mmoja mzima niliutoa kuyasifu maji, jinsi yanavyotiririka katika kila ghorofa. Nilikuwa nimepita pale siku mbili kabla, na nilijua kwamba mabomba yalikuwa hayajaunganishwa. Wanafunzi waliolighani shairi lile walikuwa wameamka alfajiri kuchota maji kwa ndoo. Walilighani vizuri, tukapigiwa makofi, nami nikapewa bahasha. Karatasi ile ningali nayo. Kwa sanaa, ni moja ya kazi zangu zilizokamilika zaidi, na nikiisoma huona haya hadi leo.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliporudi, sikumwambia awe shujaa. Nilimsimulia habari za maji yale, kisha nikamwambia niliyojifunza kwa hao watatu. Nilimwambia kwamba anayo haki ya kuogopa, na anayo haki ya kujificha. Anaweza kukibadilisha kijiji jina, akakipeleka mlimani au angani, akamfanya karani kuwa mwandishi wa sultani wa miaka mia mbili iliyopita. Anaweza kuandika kwa vina au bila vina. Anaweza kuisubirisha kazi yake ndani ya mtoto wa meza. Vitabu kadhaa vya Shaaban Robert, Kufikirika na Utubora Mkulima vikiwamo, vilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1962. Asichoweza kukifanya ni kuiondoa orodha na mhuri kisha akatarajia karani wake akose usingizi. Msomaji atatambua kwamba kuna kitu kimeondolewa, hata kama hatajua ni nini. Ndiyo maana hata yeye mwandishi haikumgusa.

Nilimwuliza pia swali ambalo nadhani kila anayeandika ajiulize, awe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma: unaandika ili nani akusikie? Rasimu yake ya pili ilikuwa imeandikwa ili mkuu wake wa idara asikasirike. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wenye mashamba. Mwanaharakati naye ana mtego wake: huandika ili wenzake wampigie makofi, na makofi ya wenzetu hutudanganya sawa na bahasha ya mgeni rasmi. Ukitaka kujipima, tafuta sentensi ambayo ukiiacha humo itakugharimu kitu kwa watu unaowapenda, wala si kwa adui zako peke yao. Kama haimo hata moja, pengine bado hujaanza.

Rasimu ya tatu ilinifikia wiki iliyopita. Kijiji kimekuwa kisiwa kisicho na jina. Karani amekuwa mwanamke. Orodha imerudi, na majina kumi na moja yamo, na kila jina limepewa sentensi yake moja. Machweo ya jua yamebaki, lakini sasa karani anayatazama kupitia dirishani akiwa ameshika mhuri. Ni hadithi nzuri kuliko yoyote niliyosoma mwaka huu.

Pamoja nayo kulikuwa na barua. Darasa lao linakusudia kuchapisha mkusanyiko wa hadithi, nao wananiomba niandike dibaji na kutia jina langu na cheo changu. Nakiri kwamba sikujibu siku ile. Nilikaa siku mbili nikiwaza ni nani atakayeusoma mkusanyiko huo, na nani atauliza kisiwa hicho kiko wapi. Nina ajira, na nina watoto. Siku ya tatu nikaandika kwamba nimekubali. Dibaji nimeianza usiku wa jana, na aya yake ya kwanza inahusu bweni ambalo halikuwa na maji.